Ramses wa Pili: Firauni aliyehifadhiwa katika jeneza lisilo lake

Ni mafirauni wachache wa Misri ya kale waliochongesha majina yao kwenye mawe mengi kama Ramses wa Pili. Hata hivyo, jeneza ambamo mwili wake ulikutwa mwaka 1881 halikutengenezwa kwa ajili yake.

Ramses alirithi kiti cha baba yake, Seti wa Kwanza, yapata mwaka 1279 kabla ya Kristo, akatawala kwa miaka ipatayo 66. Alipigana na Wahiti huko Kadesh, Syria, vita visivyo na mshindi wa wazi, ingawa yeye aliamuru vichorwe kwenye kuta za mahekalu kama ushindi wake. Baadaye pande hizo mbili zilifunga mkataba wa amani. Huko Nubia alichonga mlimani mahekalu ya Abu Simbel, moja likiwa la heshima ya mkewe, Nefertari. Aliishi muda mrefu kiasi cha kuwazika wanawe wengi. Merneptah, aliyemrithi, alikuwa mwanawe wa 13.

Kwa Wamisri wa zama zile, mwili ulipaswa kubaki mzima ili roho ipate pa kurejea. Jeneza lilikuwa makao ya marehemu, na lilichongwa kwa mfano wa Osiris, mungu aliyeuawa kisha akarudishiwa uhai. Mikono ilikunjwa kifuani, ikishika fimbo ya mchungaji na mjeledi, alama za utawala. Dhahabu, kwa kuwa haichakai, ilihesabiwa kuwa mwili wa miungu. Jeneza la ndani la Tutankhamun, mfalme kijana aliyetawala kwa takriban miaka 9 tu, lina dhahabu ya kilo zipatazo 110. Aliyozikwa nayo Ramses mtu anaweza kuikisia tu.

Dhahabu hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Dola ilipodhoofika, wezi walivamia Bonde la Wafalme, ng'ambo ya magharibi ya Mto Nile. Makuhani wakautoa mwili wa Ramses kaburini, wakauweka kwanza katika kaburi la baba yake, kisha wakauficha pamoja na wafalme wengine katika pango la Deir el-Bahari. Safari hizo waliziandika kwa wino juu ya kifuniko cha jeneza, pamoja na jina lake, maana maiti isiyo na jina ilikuwa imepotea.

Jeneza lenyewe ni la mbao za mwerezi, mti usioota Misri, na mtindo wake ni wa kabla ya enzi yake. Wataalamu wanaamini kwamba dhahabu iliyolifunika ilibanduliwa, mbao zikapakwa rangi ya manjano badala yake. Fimbo na mjeledi vimebaki kifuani.

Mwaka 1976 mwili huo ulipelekwa Paris kutibiwa kuvu uliokuwa ukiushambulia, ukapokewa kwa heshima za kijeshi. Uchunguzi ulionyesha mzee wa miaka kama 90, mwenye meno mabovu, aliyetiwa punje za pilipili manga puani wakati wa kukaushwa.

Aprili 3, 2021, Ramses alihamishwa tena, katika msafara wa wafalme na malkia 22 uliopita barabara za Cairo kuelekea Jumba la Taifa la Makumbusho ya Ustaarabu wa Misri. Miaka miwili baadaye jeneza lilikwenda Paris kwa maonyesho, likiwa tupu.