Hayati Willard Libby, Mpimaji wa Umri

Wanaklabu wenzangu, je, mwalijua Ziwa Takatifu (Sacred Lake), hapa kwetu Meru? Miaka ya 1960 tope la chini ya ziwa hilo lilipimwa likapatikana na umri wa zaidi ya miaka 30,000! Njia hiyo ya kupima tuliachiwa na Willard Libby.

Libby alizaliwa mwaka wa 1908 huko Colorado, Marekani. Babake alikuwa mkulima, kama wazazi wetu wengi. Libby alijua kuwa kila kilicho hai kina kaboni 14 kidogo. Kikifa, kaboni hiyo huvunjika polepole ikirusha miale ya beta. Baada ya miaka 5,730 hivi, hubaki nusu.

Taabu ilikuwa kuihesabu. Miale hiyo ni hafifu mno, na miale mingine itokayo angani iliijaza mashine kelele, mamia kwa dakika. Libby hakufa moyo. Aliizingira mashine kwa chuma kizito, kisha akaizungushia mashine nyingine. Za nje zikilia pamoja na ya ndani, mlio huo hauhesabiwi. Kelele ikashuka hadi kama 5 tu.

Mwaka wa 1949 alitangaza vipimo vya mbao za makaburi ya Misri, ambazo umri wake ulijulikana. Hesabu zikakubaliana. Mwaka wa 1960 akatuzwa Nobel ya kemia, na akafariki mwaka wa 1980.

Kwa hesabu yake twajua ni lini Mlima Kenya ulikuwa na baridi kuliko leo. Kweli, haba na haba hujaza kibaba.