Méliès, Mfaransa Aliyewapeleka Watu Mwezini kwa Sinema

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Wapenzi wengi wa sinema, wakitazama vyombo vinavyoruka angani na viumbe wa sayari za mbali, hudhani mambo hayo yalibuniwa Marekani. Sivyo. Aliyeyatia katika sinema tangu mwanzo wake alikuwa fundi wa mazingaombwe wa Ufaransa, Georges Méliès.

Méliès alizaliwa Paris tarehe 8 Disemba, 1861. Baba yake alikuwa tajiri mwenye kiwanda cha viatu. Kijana aliingizwa katika kazi hiyo, akashughulika na mitambo ya kiwanda, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kuchora na kiinimacho. Mwaka 1884 alipelekwa London, na huko akavutiwa mno na mafundi wa mazingaombwe. Baba yake alipostaafu mwaka 1888, Méliès aliwauzia ndugu zake fungu lake, na kwa fedha hizo akanunua Théâtre Robert-Houdin, jumba mashuhuri la mazingaombwe mjini Paris.

Tarehe 28 Disemba, 1895, alialikwa kutazama kitu kipya cha ndugu wawili wa ukoo wa Lumière: picha zinazokwenda. Palepale akataka kuununua mtambo ule, lakini baba yao alikataa katakata. Méliès hakukata tamaa. Alinunua mtambo wa Mwingereza Robert Paul, akaurekebisha ukawa kamera, na mwaka 1896 akaanza kupiga picha zake mwenyewe. Mwaka uliofuata alijenga studio ya vioo huko Montreuil, ili mwanga wa jua upate kuingia.

Mwenyewe alisimulia kwamba siku moja, alipokuwa akipiga picha barabarani, kamera ilikwama kidogo, kisha ikaendelea. Alipoitazama picha hiyo, aliona gari la abiria la kukokotwa na farasi limegeuka ghafla kuwa gari la kuchukulia maiti! Hapo akaitambua siri: husimamishwa kamera, hutolewa mtu, huendelezwa picha, mtazamaji humwona mtu ametoweka.

Mwaka 1902 alitoa Safari ya Mwezini, picha ya kama robo saa, iliyochota katika vitabu vya Jules Verne. Wataalamu sita wanaingia ndani ya risasi kubwa, wanafyatuliwa kwa mzinga, na risasi inauchoma Mwezi jicho. Wanapambana na wakazi wa huko, ambao wakipigwa hugeuka moshi, kisha wanarudi na kuangukia baharini. Wakazi hao walichezwa na wanasarakasi. Méliès mwenyewe alikuwa kiongozi wa msafara. Wakati huo hata ndege ya akina Wright ilikuwa bado haijaruka.

Watu wa kawaida waliipenda sana picha hiyo, lakini faida kubwa haikumfikia mwenyewe. Huko Marekani, watu wa Edison na wengineo waliinakili wakaiuza bila ya kumlipa. Ikambidi ampeleke nduguye Gaston New York kulinda haki zake. Aliendelea kwa bidii, na mwaka 1905 akatoa picha ya kasri la Alfu Lela Ulela, hadithi ambazo watu wa pwani yetu wamelelewa nazo. Kufikia mwaka 1913 alikuwa ametoa picha zaidi ya 500.

Lakini dunia mti mkavu. Watazamaji walitaka mambo mapya, makampuni makubwa yakamzidi nguvu, madeni yakamlemea. Mwaka 1913 mkewe alifariki, na kazi ikasimama. Vilipokuja vita, husimuliwa kuwa jeshi lilizichukua picha zake nyingi zikayeyushwa, zikafanywa visigino vya viatu vya askari. Naye ni mtoto wa mwenye kiwanda cha viatu. Mwaka 1923 jumba lake lilibomolewa, na studio ikamtoka. Kwa uchungu, akazitia moto kwa mkono wake picha alizokuwa amebaki nazo.

Mwaka 1925 alioa tena, akawa anauza vitu vya kuchezea watoto na peremende katika kibanda cha mkewe, kwenye stesheni ya Montparnasse. Abiria walinunua wakapita, bila ya kujua ni nani aliyewapa chenji.

Hatimaye mwandishi mmoja wa gazeti alimtambua. Mwaka 1929 Paris ilimfanyia tafrija kubwa, na mwaka 1931 alivishwa nishani ya taifa na Louis Lumière, mtoto wa yule aliyemnyima mtambo. Alifariki tarehe 21 Januari, 1938, akiwa na umri wa miaka 76, akiishi katika makao ya wazee wa sinema.

Picha zake kama 200 zimepatikana, moja hapa na moja pale. Nakala ya Safari ya Mwezini iliyotiwa rangi kwa mkono iligunduliwa Hispania mwaka 1993, ikatengenezwa na kuonyeshwa tena mwaka 2011. Heshima ilimfikia akiwa hai, lakini mali haikurudi.