Selma Lagerlöf na Hekaya ya Darasani: Maisha ya Mwalimu Aliyefunza Kusoma kwa Ngano

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa maswali yanayowakabili wataalamu wa ufundishaji wa lugha ni hili: kitabu cha kusomea darasani kimpe mtoto maarifa ya kweli kuhusu ulimwengu, au kimpe hadithi? Wanaoshikilia upande wa kwanza huiona hadithi kuwa ni kitumbua cha kumvutia mtoto hadi kwenye chakula chenyewe. Wanaoshikilia upande wa pili hudai kwamba pasipo hadithi hakuna usomaji, bali kuna kukariri tu. Mjadala huu aghalabu huendeshwa kinadharia, na ni nadra kuchunguzwa kwa kuangalia maisha ya mtu aliyelazimika kulijibu swali hilo kwa kazi.

Makala haya yanakusudia kueleza maisha ya mtu wa namna hiyo, naye ni Selma Lagerlöf (1858-1940), mwandishi wa Uswidi. Wengi wanamfahamu kama mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, mwaka 1909. Ni wachache wanaozingatia kwamba alikuwa mwalimu wa shule kwa muda wa miaka kumi, na kwamba kazi yake iliyosambaa kuliko zote ilianza kama kitabu cha kiada kilichoombwa na chama cha walimu. Hoja yetu ni kuwa ngano aliyoiandika haikuwa pambo la somo. Ngano hiyo ndiyo iliyokuwa mbinu yenyewe ya kufunza ufahamu na msamiati.

2.0 Malezi na Maradhi

Selma Lagerlöf alizaliwa tarehe 20 Novemba 1858 huko Mårbacka, shamba la ukoo lililoko katika jimbo la Värmland, magharibi ya Uswidi. Baba yake, Erik Gustaf Lagerlöf, alikuwa luteni wa jeshi. Mama yake, Lovisa Wallroth, alitoka katika familia ya wafanyabiashara. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu na nusu hivi, miguu yake ilipooza ghafla. Baadaye aliweza kutembea tena, lakini alichechemea maisha yake yote.

Hali hiyo ilikuwa na athari kubwa katika makuzi yake. Wenzake walipokuwa wakikimbia nje, yeye alikaa ndani akisikiliza. Bibi yake mzaa baba alikuwa fanani hodari wa ngano, na kila siku aliwakusanya wajukuu na kuwasimulia. Bibi huyo alipofariki, Selma alikuwa mtoto wa miaka mitano tu, na katika kumbukumbu alizoandika ukubwani alieleza kifo hicho kuwa ni kufungwa kwa mlango wa ulimwengu mzima. Mlango wa pili aliufungua mwenyewe alipofikia umri wa miaka saba, aliposoma riwaya ya Mayne Reid iitwayo Osceola. Tangu hapo alikata shauri kuwa mwandishi. Hivyo basi, fasihi simulizi ilimfikia kwanza na fasihi andishi ikafuata, na mpangilio huo ndio alioutumia baadaye kwa watoto wa wengine.

3.0 Mwalimu wa Landskrona

Kadiri miaka ilivyopita mali ya familia ilipungua na madeni yakaongezeka. Msichana wa tabaka lake alitazamiwa kungoja mume, lakini Selma alitaka elimu. Kwa msaada wa kaka yake Johan, na kinyume cha matakwa ya baba yao, alikwenda Stockholm. Baada ya mwaka mmoja wa maandalizi aliingia Chuo cha Kifalme cha Ualimu kwa wanawake, yaani chuo cha juu kabisa cha fani hiyo nchini, akasoma huko tangu 1882 hadi 1885. Mwaka huo wa 1885 baba yake alifariki. Miaka michache baadaye Mårbacka iliuzwa ili kulipa madeni.

Tangu 1885 hadi 1895 alifundisha katika shule ya wasichana ya mji wa Landskrona, kwenye pwani ya jimbo la Skåne, kusini kabisa mwa nchi. Saa za usiku aliandika. Mwaka 1890 alipeleka sura tano za riwaya katika shindano la jarida la wanawake liitwalo Idun, akashinda. Sophie Adlersparre, mmoja wa viongozi wa harakati za wanawake, alimsaidia apate likizo ili aikamilishe kazi hiyo, na Gösta Berlings saga ikachapishwa mwaka 1891. Wahakiki wa nyumbani waliipokea kwa ubaridi. Heshima yake ilipanda mwaka 1893 mhakiki wa Denmark, Georg Brandes, alipoisifu. Mwaka 1895, baada ya kupata ruzuku ya safari, aliacha ualimu. Aliandika riwaya kuhusu Sicily, kisha akasafiri Misri na Palestina, na matunda ya safari hiyo yakawa Jerusalem, iliyotoka kwa juzuu mbili mwaka 1901 na 1902.

4.0 Ombi la Walimu

Sheria ya mwaka 1842 ilikuwa imeanzisha elimu ya msingi kwa watoto wote wa Uswidi. Kitabu cha kusomea kilichotawala shule hizo kilitoka kwanza mwaka 1868. Kilikuwa mkusanyiko wa vipande vya historia, jiografia, maadili na elimu ya viumbe, na walimu wengi walikilalamikia kwamba lugha yake ni nzito na kimempita mtoto kimo. Mwanzoni mwa karne ya 20 chama cha walimu wa shule za msingi kiliamua kutunga mfululizo mpya. Wahariri wake walikuwa Alfred Dalin na Fridtjuv Berg, na wazo lao lilikuwa jipya: badala ya kumwachia mtaalamu wa ufundishaji aandike, watafutwe waandishi wakubwa wa nchi. Verner von Heidenstam alipewa historia, na Sven Hedin safari za nchi za mbali. Lagerlöf alipewa jiografia ya nchi yenyewe.

Kazi hiyo ilimtatiza. Alitakiwa kuitaja mikoa, mito, wanyama, mimea na kazi za watu, na bado mtoto wa miaka tisa asome bila kusinzia. Alikusanya taarifa kwa muda mrefu, akasafiri na kusoma, bila kupata kiunzi cha kuzishika taarifa hizo. Vitabu vya Kipling, ambamo wanyama husema, vilimwonyesha njia mojawapo. Njia nyingine ilitoka nyumbani: palikuwapo kisa cha Mårbacka cha bata bukini dume mweupe wa kufugwa aliyeruka pamoja na bata bukini wa mwitu, kisha akarudi. Hapo alipata jicho la kuiangalia nchi kutoka juu, na msafiri wa kuivuka kutoka kusini hadi kaskazini.

Juzuu ya kwanza ya safari ya ajabu ya Nils Holgersson ilitoka mwaka 1906, na ya pili mwaka 1907. Ni vyema kukumbuka kwamba Fridtjuv Berg, ambaye wakati huo alikuwa waziri wa elimu, ndiye aliyeidhinisha mageuzi ya tahajia ya Kiswidi mwaka huohuo wa 1906. Sauti ya v, iliyokuwa ikiandikwa kwa namna kadhaa, ikaanza kuandikwa kwa herufi moja. Kitabu hiki kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuifuata tahajia hiyo. Msomaji anayeifahamu kazi ya usanifishaji wa Kiswahili iliyoanza mwaka 1930 hatashangaa kuona kitabu cha shule kikibeba mzigo wa sera ya lugha.

5.0 Ngano Inavyofunza

Nils ni mvulana wa miaka kumi na minne, mvivu na mkatili kwa wanyama. Siku ya Jumapili wazazi wake wanakwenda kanisani na kumwachia kazi ya kusoma mahubiri kitabuni. Baba anamwonya kwamba akirudi atamhoji ukurasa kwa ukurasa. Nils anasoma, macho yanateleza juu ya maneno, kisha anasinzia. Kwa maoni yetu, huu si mwanzo wa kubahatisha. Mwalimu wa Landskrona aliianza ngano yake kwa kumweka mtoto mbele ya matini asiyoielewa na mtihani wa ufahamu anaouogopa. Kitabu kizima ni jibu la hali hiyo.

Nils anamnasa kijitu cha nyumbani, jamaa ya vibwengo, ambacho Waswidi walisadiki kuwa hulinda mji na mifugo. Kwa kuvunja ahadi aliyopeana nacho, anageuzwa kuwa mdogo kama kijitu hicho. Papo hapo anaanza kuelewa lugha ya wanyama. Adhabu na elimu vinamjia kwa pigo moja. Bata dume wa nyumbani, Mårten, anaporuka kuwafuata bata wa mwitu wanaoongozwa na jike mzee aitwaye Akka, Nils anamng'ang'ania shingoni na kupaa naye.

Mfano ulio bayana zaidi wa mbinu ya mwandishi ni pale Nils anapoitazama Skåne kutoka angani kwa mara ya kwanza. Haoni mashamba, anaona kitambaa kikubwa chenye miraba ya rangi mbalimbali. Kisha, hatua kwa hatua, anatambua kwamba miraba ya kijani ni nafaka iliyopandwa kabla ya majira ya baridi, ile ya manjano iliyofifia ni mabua ya mavuno yaliyopita, na ile ya hudhurungi ni malisho ya zamani. Mtoto asomaye anaanza na neno alijualo, kitambaa, na kutoka hapo anafikishwa kwenye maneno ya kilimo bila kupewa fasili hata moja. Maana inapatikana kwa kukisia kutokana na muktadha, na msomaji anakisia sambamba na mhusika. Kisiwa cha Öland kinafundishwa kwa namna hiyohiyo, kwa mfano wa kipepeo mkubwa aliyepoteza mbawa.

Jambo la pili ni kwamba kwa Nils ufahamu ni suala la uhai. Mtu mwenye kimo chake akikosea kutambua sauti ya mbweha, ataliwa. Kwa hiyo majina ya ndege, wanyama na aina za ardhi si orodha, ni silaha.

Jambo la tatu ni kwamba ngano haikuepuka ukweli mchungu. Watoto wawili maskini, Åsa na mdogo wake Mats, wamefiwa na mama na ndugu zao, na baba amekimbia akiamini kuwa familia imelaaniwa. Wanakuja kuhudhuria mhadhara na kugundua kwamba kilichowaua jamaa zao ni kifua kikuu, maradhi yanayoambukiza na yanayoweza kukingwa. Wanafunga safari kwa miguu kumtafuta baba ili wamweleze. Hapa neno moja la kitabibu, likieleweka, linaivunja laana.

Mwishoni Nils anaelezwa kuwa ataurudia utu wake ikiwa tu Mårten atarudishwa nyumbani akachinjwe. Anakataa kuununua utu kwa damu ya rafiki. Wazazi wanapomkamata bata huyo, Nils anaingia mbio kumwokoa, na kwa tendo hilo anakuwa tena binadamu kamili. Lakini tangu dakika hiyo haelewi tena maneno ya ndege. Mwandishi hakumficha mtoto kwamba kukua nako kuna hasara yake.

6.0 Mapokezi

Kitabu hakikukosa wapinzani. Baadhi ya watu wa dini walilalamika kuwa hakina mafunzo ya kutosha ya Ukristo. Wataalamu wa elimu ya viumbe walitaja makosa katika maelezo ya wanyama. Watu wa Halland waliona jimbo lao limepewa nafasi finyu mno. Lawama hizo hazikuwa bure: kitabu cha kiada huaminiwa, na kosa ndani yake hurudiwa na darasa zima. Hata hivyo, hazikuondoa ukweli kwamba watoto walikisoma bila kushurutishwa, na kwamba kilitafsiriwa katika lugha nyingi za watu ambao hawakuwa na haja ya kuijua jiografia ya Uswidi. Hii ni dalili kuwa hekaya ilikuwa na uhai wake nje ya mtaala.

7.0 Miaka ya Baadaye

Mwaka 1907 Lagerlöf alitunukiwa udaktari wa heshima na Chuo Kikuu cha Uppsala, na mwaka huohuo akaweza kuinunua tena nyumba ya Mårbacka. Fedha za Nobel zilimwezesha kulikomboa shamba lenyewe mwaka 1910. Mwaka 1911 alihutubia mkutano wa kimataifa wa kudai haki ya wanawake kupiga kura uliofanyika Stockholm, na mwaka 1914 akawa mwanamke wa kwanza kuingia katika Akademia ya Uswidi. Kati ya 1922 na 1932 alichapisha juzuu tatu za kumbukumbu za utoto wake.

Vita vilipoizukia Ufini mwishoni mwa 1939, alitoa medali yake ya dhahabu ya Nobel isaidie kuchangisha fedha kwa ajili ya nchi hiyo. Aidha, alimwombea mshairi Myahudi Nelly Sachs apate hifadhi Uswidi. Lagerlöf alifariki Mårbacka tarehe 16 Machi 1940; Sachs aliwasili miezi miwili baadaye, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Tangu 1991 hadi kizazi kipya cha noti kilipoanza kutolewa mwaka 2015, noti ya krona 20 ilikuwa na sura ya Lagerlöf upande mmoja, na Nils juu ya bata wake upande wa pili.

8.0 Hitimisho

Maisha ya Lagerlöf yanadokeza mambo matatu kwa mtunzi na mchunguzi wa vitabu vya kiada. Kwanza, ngano hufunza msamiati pale tu mhusika anapohitaji maneno hayo. Ikiwa hadithi inaweza kuondolewa na somo likabaki vilevile, basi hadithi hiyo ni pambo. Pili, uhuru wa kubuni hauondoi wajibu wa kuhakiki taarifa, kwani lawama za wataalamu zingeweza kuepukwa bila kuidhuru ngano. Tatu, walimu wa Uswidi hawakungoja kitabu bora kiwashukie. Waliorodhesha kasoro za kile walichokuwa nacho, wakamwendea mwandishi waliyemtaka na kumkabidhi kazi ngumu kuliko zote alizowahi kupewa. Jambo la kuwahimiza watafiti wetu kulichunguza ni ushirikiano wa aina hiyo baina ya chama cha walimu na mtunzi wa fasihi, kwani utungo wa Nils usingekuwapo pasipo ombi lao.