Salme binti Said na Miezi Mitatu ya Aden



Tunaposali tendo la pili la furaha katika rozari, kuna jambo ambalo wengi wetu tunalipita haraka. Mwinjili Luka anaeleza kwamba Maria alikwenda kwa Elizabeti, huko milimani, Elizabeti akiwa katika mwezi wa sita wa ujauzito. Anaongeza kwamba alikaa naye kama miezi mitatu. Ukijumlisha, utaona kwamba Maria alimpa jamaa yake ile miezi ya lala salama, tumbo linapokuwa zito na safari ya kwenda kisimani inapokuwa ndefu kuliko jana.

Leo nasimulia maisha ya mwanamke wa nchi yetu aliyeipitia miezi hiyo mbali na ndugu zake wote. Wengi tumemsikia katika somo la historia kama binti mfalme aliyetoroka Zanzibar. Jina lake ni Salme binti Said.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Bet il Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, na mama yake, Jilfidan, alikuwa suria mwenye asili ya Circassia. Nyumba ile ilijaa watu: masuria, watoto wa mama mbalimbali, watumishi na watumwa. Mtoto hakuwahi kukosa mtu wa kumbeba. Wasichana walifundishwa kusoma Kurani, lakini si kuandika. Salme alijifundisha kuandika mwenyewe, kwa siri.

Baba alifariki baharini mwaka 1856, akirudi kutoka Oman. Mama akafariki mwaka 1859. Mwaka huohuo kaka yake Barghash alijaribu kumpindua Majid, ndugu yao aliyekuwa kwenye kiti, na Salme, msichana wa miaka kumi na mitano, akawa mwandishi wa barua za waasi kwa kuwa alijua kalamu. Uasi ulishindwa. Baadaye alipatana na Majid, na wale waliokuwa upande wa Barghash wakamwona msaliti. Hivyo kabla hajafikisha miaka ishirini alikuwa yatima, na ukoo wake ulikuwa umegawanyika pande mbili, naye hana pake.

Akiwa mjini Unguja alifahamiana na jirani yake, Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani kutoka Hamburg. Mwaka 1866 Salme akapata mimba yake. Kwa binti wa Sultani, mimba nje ya ndoa, tena ya mtu asiye Mwislamu, haikuwa jambo la kusemwa vibaya tu. Ilihofiwa kwamba ingemgharimu maisha.

Mimba changa inaweza kufichwa chini ya kanga na buibui, lakini mimba haingoji. Tarehe 24 Agosti 1866, usiku ambao wanawake walikuwa wakiteremka pwani kuoga kwa desturi ya siku ya mwaka, Salme naye aliteremka. Mashua ilikuwa ikimngoja, ikampeleka kwenye manowari ya Uingereza iitwayo Highflyer, nayo ikaelekea Aden. Ruete hakuondoka naye. Alibaki Unguja kumaliza mambo ya biashara yake.

Alipofika Aden, kujifungua kulikuwa kumebaki miezi kama mitatu. Aden ni mji wa mawe na jua kali, na wakati ule ulikuwa chini ya Waingereza. Alipokelewa na mume na mke Wahispania ambao alikuwa amefahamiana nao Zanzibar. Tuwashukuru watu hao, kwani walimfungulia mlango. Lakini mama alikuwa kaburini, dada zake walikuwa ng'ambo ya bahari, na baba wa mtoto alikuwa katika mji ambao yeye hangeweza kurudi.

Wanaoijua miezi hiyo wanajua ina nini ndani yake. Miguu huvimba, kiungulia hupanda, usingizi huja vipande vipande. Mtoto hucheza usiku mama anapotaka kulala, na asipocheza mama hulala macho kwa hofu. Ni miezi ambayo mtu mwingine anahitajika kumtazama mjamzito kwa karibu, kwa sababu dalili za hatari, kama kuumwa kichwa kikali, kuona maluweluwe, uso kuvimba ghafla au kutokwa na damu, hazitoi muda mrefu. Ndiyo maana tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio 8 ya kliniki, na 5 kati ya hayo yako katika miezi ya mwisho.

Kwetu Iwawa, na Makete kwa jumla, jambo hili halihitaji maelezo mengi. Milima ni ile ile ya kupanda na kushuka, na baridi ya Juni na Julai huacha barafu juu ya majani. Mama aliyekaribia kujifungua hawezi kungoja uchungu uanze ndipo atafute usafiri kijijini. Anahitaji ndugu wa kumpokea karibu na hospitali, mtu wa kumchotea maji na kumwashia moto, na wa kuamka naye usiku. Hayo ndiyo aliyoyafanya Maria, naye aliyafanyia milimani.

Mwezi Desemba 1866 Salme alijifungua mtoto wa kiume, akaitwa Heinrich kama baba yake. Tarehe 30 Mei 1867, Ruete alipokuwa amefika Aden, Salme alibatizwa katika Kanisa la Kianglikana kwa jina la Emily, na siku hiyohiyo wakafunga ndoa. Wakapanda meli kwenda Ulaya. Mtoto yule hakufika Hamburg. Alikufa katika safari hiyo, akiwa bado mchanga.

Mwaka 1886 Emily Ruete alichapisha kwa Kijerumani kumbukumbu za maisha yake, alizoanza kuziandika kwa ajili ya watoto wake. Ndani yake anaeleza kwa kirefu jinsi watoto walivyozaliwa na kulelewa katika majumba ya baba yake, pamoja na sherehe za siku ya arobaini. Lakini anapofika Aden anasema tu kwamba alimngoja mchumba wake. Mimba haimo, wala kujifungua, wala mtoto aliyemzika. Mwanamke aliyejifundisha kuandika kwa siri aliandika kuhusu uzazi wa nyumba nzima ya Sultani, isipokuwa wa kwake.

Hakuwa mtakatifu, wala sitaki kumfanya mmoja. Katika kitabu hichohicho aliutetea utumwa uliotajirisha ukoo wake. Lakini ukimya ule unatufundisha jambo. Miaka ishirini ilikuwa imepita, alikuwa ameolewa, amebatizwa na amekuwa mjane, na bado aibu ilikuwa imemfunga mdomo.

Huko Hamburg alizaa watoto wengine watatu: Antonie, Rudolph Said na Rosalie. Mwaka 1870 mumewe alikufa baada ya kugongwa na tramu, akamwachia watoto wadogo katika nchi ngeni. Alirudi Zanzibar mara mbili, mwaka 1885 na 1888, lakini kaka yake Barghash, na baada yake Khalifa, hawakumpokea. Aliishi miaka mingi Beirut, akafariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924. Alizikwa Hamburg pamoja na mchanga wa pwani ya Zanzibar, aliokuwa ameutunza.

Katika falsafa tunafundishwa kutenganisha tendo na mtu aliyelitenda. Ni rahisi kuliandika hilo kwenye mtihani. Ugumu unakuja kwa binti mjamzito asiye na mume, kwa sababu aibu hukua pamoja na tumbo. Katika miezi ya mwanzo hakuna anayejua, kwa hiyo hakuna anayemhukumu. Katika miezi ya mwisho kila mtu anajua, na ndiyo miezi anayohitaji watu zaidi. Jamii inayoadhibu kwa kumtenga, humpiga hasa pale anapoweza kufa, na humpiga pamoja na mtoto ambaye hajatenda lolote. Hadi Novemba 2021, shule za serikali nchini zilimfungia mlango moja kwa moja binti aliyepata mimba. Mlango huo sasa umefunguliwa, lakini milango ya nyumba zetu na ya jumuiya zetu ndogondogo haifunguliwi kwa waraka.

Kuamini kwamba ndoa ni takatifu hakutuzuii kumpelekea mtu kuni. Elizabeti alikuwa na mume, nyumba na heshima kijijini, na bado Maria aliona afadhali aende. Kama yeye alihitaji mtu wa kukaa naye miezi mitatu, binti asiye na hata kimoja kati ya hivyo anahitaji zaidi. Katika jumuiya yako huenda yuko mmoja ambaye siku hizi haonekani kwenye sala. Msimwulize kwanza mimba ni ya nani. Mwulizeni amebakiza wiki ngapi, na nani atalala naye siku hizo.