Padre Gregor Mendel na Rangi za Maua

Padre huyu alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, upande wa nchi ambayo sasa ni Ucheki. Wazazi wake walikuwa wakulima, wala fedha ya kumsomesha haikutosha, hata dada yake akatoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya arusi yake. Mwaka 1843 akaingia monasteri ya watawa wa Mt. Augustino mjini Brno, na mwaka 1847 akapewa daraja ya upadre. Alifundisha shuleni, lakini mwaka 1850 mtihani wa ualimu ulimshinda, na mwaka 1856 aliujaribu tena asifaulu. Alifundisha miaka mingi pasipo cheti. Sisi tulio walimu twajua uzito wa jambo hilo.

Wengi wetu tumepanda mbele ya kanisa mbegu za ua tulipendalo, zikatoa maua ya rangi nyingine. Kwa nini? Mendel alilichunguza jambo hili kwa njegere, tangu 1856 hata 1863. Alifungua ua changa, akaondoa sehemu zitoazo unga, kisha akalipaka unga wa ua la mche mwingine. Alipochanganya hivyo miche ya maua ya zambarau na ya maua meupe, watoto wote wakatoa zambarau. Je, weupe ulipotea? La! Alipoziacha mbegu zao zizae zenyewe, akahesabu miche 929: 705 ya zambarau, na 224 myeupe. Weupe ulikuwa umefichwa tu.

Tena ile myeupe ilizaa myeupe daima. Bali katika miche 100 ya zambarau aliyoijaribu, 36 tu ilizaa zambarau tupu. 64 ilizaa rangi zote mbili. Kwa macho hakuna awezaye kuitenga. Wazao wake ndio wanaoitambulisha. Maharage yalimsumbua zaidi: alipochanganya yenye maua mekundu na yenye maua meupe, alipata rangi za namna nyingi, na katika miche 31 iliyochanua mmoja tu ulikuwa mweupe.

Mwaka 1865 aliyasoma hayo mbele ya wataalamu wa Brno, yakachapwa 1866. Wachache waliyajali. Mwaka 1868 akawa Abate, na mashindano na serikali juu ya kodi ya monasteri yakamla nguvu. Akafariki tarehe 6 Januari 1884. Mwaka 1900 wataalamu watatu, wa Uholanzi, Ujerumani na Austria, walipata hesabu zilezile, wakakuta Padre Mendel amekwisha kuziandika.