Leo Fender, fundi wa redio aliyetengeneza gitare ya umeme bila kujua kuipiga

Wapenzi wengi wa muziki wanajua jina Fender kabla ya kujua kwamba lilikuwa jina la mtu. Limeandikwa kwenye kichwa cha gitare na mbele ya ampli, kama vile majina mengine yanavyoandikwa kwenye motokari. Mwenye jina hilo ni Clarence Leonidas Fender, ambaye watu walimuita Leo tu. Alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 huko California, Marekani, karibu na miji ya Anaheim na Fullerton, kwa wazazi waliokuwa wakulima wa machungwa. Alipokuwa mtoto alijifunza piano, kisha saksofoni. Gitare hakujua kuipiga mpaka anakufa.

Alipokuwa na umri wa miaka 8 alipata uvimbe kwenye jicho la kushoto. Jicho hilo likaondolewa, akawekewa jicho la kioo. Ndiyo sababu hakuandikishwa jeshini wakati wa vita vya pili vya dunia, na miaka hiyo ya vita, wakati vijana wengi wa rika lake walikuwa mbali, yeye alikuwa kwenye atelye yake akifanya majaribio.

Mambo ya umeme aliyapata kwa mjomba wake, aliyekuwa na duka la kurekebisha umeme wa motokari katika mji wa Santa Maria. Mjomba alimtumia sanduku la vipuri, na kijana akaanza kufungua na kufunga redio. Hata hivyo shuleni alisomea uhasibu, si ufundi. Akaajiriwa kama mhasibu, lakini ilikuwa miaka ya mgogoro mkubwa wa uchumi, na kazi hazikudumu: alipoteza ya serikali ya jimbo, kisha akapoteza nyingine kwenye kompani ya mipira ya motokari. Mwaka 1938, akiwa tayari ameoa, alikopa dola 600 na kufungua duka la kurekebisha redio mjini Fullerton.

Wanamuziki wa karibu walianza kumletea ampli zilizoharibika. Kwa kuwasikiliza, Leo alielewa shida yao. Gitare ya kawaida ni sanduku la mbao lenye uwazi ndani. Ukiifungia mikro na kupandisha sauti, kelele ya bafle inarudi kutikisa lile sanduku, mikro inaipokea tena, na mara mluzi mkali unajaa ukumbi. Ni ile ambayo wanamuziki wa Kongo wanaiita larseni. Kadiri orkestra ilivyokuwa kubwa na watu wanaocheza kuwa wengi, ndivyo mpiga gitare alivyoshindwa kusikika.

Dawa ilikuwa kuondoa uwazi: mwili wa gitare uwe kipande cha mbao nzima kisichotikisika kwa urahisi. Wazo hilo halikuwa lake peke yake, na ni vema hilo lisemwe. Les Paul alikuwa ameshafunga nyuzi juu ya gogo, na Paul Bigsby, fundi mwingine wa California, alimtengenezea mwanamuziki Merle Travis gitare ya mbao nzima mwaka 1948. Lakini hizo zilikuwa kazi za mkono, moja moja. Leo alitaka gitare inayoweza kutoka kiwandani kwa wingi, kwa bei ambayo mpiga muziki wa baa anaiweza, na ambayo fundi yeyote anaweza kuirekebisha.

Jaribio la kwanza la biashara alilifanya na rafiki yake Doc Kauffman mwaka 1945, wakitengeneza gitare za Hawaii zinazolazwa kwenye mapaja, pamoja na ampli zake. Kauffman aliogopa madeni, akajitoa mwaka 1946. Leo akaendelea, na mwaka 1948 akamchukua George Fullerton kazini.

Mwaka 1950 ikatoka gitare yenyewe. Mwili ulikuwa ubao mmoja wa bapa, umekatwa upande mmoja ili mkono ufikie noti za juu. Shingo haikugundishwa kama walivyofanya mafundi wa zamani. Ilikazwa kwa visi nne. Ikiharibika, unaifungua na kuweka nyingine. Mafundi wa jadi waliona ni dharau kwa ufundi, na wapo wauzaji waliocheka wakisema inafanana na koleo. Kwa macho ya mtu wa redio, hata hivyo, ilikuwa jambo la kawaida: chombo ni cha kufunguliwa. Gitare za kwanza kabisa hazikuwa na chuma ndani ya shingo, na shingo zikaanza kupinda. Malalamiko yakafika, Leo akaongeza chuma hicho. Ndivyo alivyofanya kazi siku zote, kwa kusikiliza wanaolalamika.

Jina la kwanza la gitare ya mikro mbili lilikuwa Broadcaster. Kompani ya Gretsch ikatoa taarifa kwamba ngoma zake zinauzwa kwa jina linalofanana nalo, na mwanzoni mwa mwaka 1951 jina likafutwa. Kwa miezi michache wafanyakazi walikata tu neno hilo kwenye karatasi za kubandika, na gitare zikatoka na neno Fender peke yake. Leo hii watu wanazitafuta hizo kwa pesa nyingi sana. Kisha likaja jina Telecaster, ambalo lipo mpaka sasa.

Mwaka huo huo wa 1951 alitoa kitu ambacho pengine kilibadilisha muziki zaidi: Precision Bass, gitare ya besi ya umeme. Kabla yake mpiga besi alibeba kontrabasi kubwa kuliko yeye mwenyewe, na sauti yake ikamezwa na ngoma. Orkestra za Léopoldville za miaka ya 1950 nazo zilikuwa na kontrabasi. Baadaye besi ya umeme ikachukua nafasi hiyo, na bila yake ni vigumu kufikiria seben ingekuwaje.

Wanamuziki walimwambia tena kwamba kona za Telecaster zinawaumiza mbavuni. Akishirikiana na Freddie Tavares, mzaliwa wa Hawaii, akatoa Stratocaster mwaka 1954: mwili uliochongwa kufuata kifua, pembe mbili, mikro tatu, na mkono wa chuma wenye springi za kuyumbisha sauti. Ndiyo gitare aliyoipiga Jimi Hendrix kule Woodstock mwaka 1969.

Wakati huo kompani haikuwa tena mali ya Leo. Miaka mingi aliteswa na ugonjwa wa sinasi usiopona, akaamini kwamba siku zake zinakwisha. Januari 1965 aliuza kila kitu kwa kompani ya CBS kwa dola milioni 13. Kisha akabadilisha daktari, akapewa dawa nyingine, akapona. Afya ilikuwa imerudi, kompani imekwenda, na mkataba ulimkataza kushindana na walionunua. Jina lake likaendelea kuandikwa kwenye gitare ambazo hakuwa na usemi juu yake, na wapigaji wakaanza kulalamika kwamba ubora umeshuka. CBS iliuza kompani hiyo kwa wafanyakazi wake mwaka 1985.

Leo alirudi kazini kwa majina mengine: kwanza Music Man, ambako alikuwa rais mwaka 1975, kisha mwaka 1980 kompani G&L, herufi za George na Leo. Esther, mke wake wa kwanza, alikuwa amekufa mwaka 1979; akaoa tena, Phyllis. Ugonjwa wa Parkinson ulimtetemesha mikono, lakini aliendelea kwenda kwenye meza yake ya kazi hadi siku zake za mwisho, akitafuta mikro bora kuliko zile za 1950. Alikufa tarehe 21 Machi 1991 mjini Fullerton. Chumba chake cha kazi pale G&L kilibakizwa kama alivyokiacha.