LINNAEUS: MWANA WA KASISI ALIYEUPA KILA MTI JINA LA MANENO MAWILI

Katika matope ya maji ya chumvi, tangu Lamu mpaka Vanga, huota mti tuuitao mchu. Mizizi yake huchomoza juu ya matope mfano wa vigingi, na hakuna mvuvi asiyeujua. Lakini ni wachache wajuao kwamba mti huu, katika vitabu vya wataalamu wa dunia nzima, umebeba jina la Sheikh Ibn Sina, yule tabibu mashuhuri aliyefariki mwaka wa 1037. Huko huitwa Avicennia marina, kwani Wazungu walimwita Ibn Sina kwa jina la Avicenna. Aliyetunga jina hilo la Avicennia ni Mswidi mmoja, Carl Linnaeus, ambaye maisha yake tutayasimulia leo.

Linnaeus alizaliwa tarehe 23 Mei 1707 katika kijiji cha Råshult, kusini mwa Uswidi. Baba yake, Nils, alikuwa kasisi mpenda bustani. Zama hizo watu wengi wa nchi ile hawakuwa na jina la ukoo. Mtu alijulikana kwa jina lake na la baba yake, kama ilivyo desturi yetu. Nils aliitwa Ingemarsson, yaani bin Ingemar. Alipoingia chuo kikuu ilimlazimu kujitafutia jina la ukoo. Akaukumbuka mti mkubwa uitwao lind uliokuwa katika shamba la wazee wake, akalichukua jina lake na kulitia mwisho wa Kilatini, likawa Linnaeus. Hivyo basi, mtu aliyekuja kuipa miti majina, yeye mwenyewe jina lake lilitoka mtini.

Kilatini wakati ule hakikuwa tena lugha ya taifa lolote, bali kilikuwa lugha ya wasomi wa Ulaya nzima. Carl alifundishwa Kilatini na baba yake tangu utotoni. Hata hivyo shuleni hakusifiwa, kwa kuwa moyo wake ulikuwa kwenye majani na maua. Daktari mmoja aitwaye Rothman ndiye aliyekiona kipaji chake, akamwelekeza kwenye utabibu, elimu ambayo siku hizo haikutengana na elimu ya mimea. Mwaka wa 1728 alikwenda chuo kikuu cha Uppsala, na mwaka wa 1732 alisafiri peke yake katika nchi ya baridi kali ya Lapland kukusanya mimea. Mwaka wa 1735 alikwenda Uholanzi, akapata shahada ya udaktari na kuchapisha Systema Naturae, kitabu cha kurasa chache kilichopanga viumbe vyote kwa makundi. Aliporudi kwao alioa mwaka wa 1739, na mwaka wa 1741 akawa profesa huko Uppsala.

Taabu aliyoikuta Linnaeus ilikuwa hii. Mmea mmoja ulikuwa na jina refu kama sentensi, maneno kumi au zaidi ya Kilatini, na kila mtaalamu alikuwa na sentensi yake. Mwaka wa 1753 alitoa kitabu cha Species Plantarum, chenye aina za mimea karibu 6,000, na kila aina akaipa jina la maneno mawili tu. La kwanza ni la ukoo, la pili ni la kuitambulisha aina yenyewe. Mwaka wa 1758 akafanya vivyo hivyo kwa wanyama.

Sasa tuzitazame zile herufi za mwisho ambazo wanafunzi wetu huzikariri bila kujua maana yake. Kilatini, kama Kiarabu, hutofautisha mudhakkar na muannath, na zaidi ya hayo kina jinsia ya tatu isiyokuwa huku wala kule. Mara nyingi mwisho wa -us ni wa kiume, -a ni wa kike, na -um ni wa hiyo ya tatu. Jina la pili likiwa ni sifa, hulifuata la kwanza, kama sifa za Kiswahili zifuatavyo ngeli. Hata watu ilikuwa hivyo: mkwewe Linnaeus aliitwa Moraeus, na mkewe, binti wa huyo, aliitwa Moraea.

Chukua karafuu. Linnaeus aliiita Caryophyllus aromaticus, yaani yenye kunukia. Baadaye wataalamu wakauhamishia mkarafuu katika ukoo wa Syzygium, na sifa nayo ikageuka ikawa aromaticum. Mti ni ule ule na harufu ni ile ile, lakini sarufi ilidai haki yake.

Ajabu zaidi ni mkwaju, alioupa jina la Tamarindus indica. Tamarindus ni tamr hindi ya Waarabu, yaani tende ya Kihindi, na indica ni ya Hindi pia. Mti wenye asili ya Afrika ukatajiwa Hindi mara mbili! Lakini kwa nini isiwe indicus? Ni kwa sababu katika Kilatini majina ya miti huhesabiwa kuwa ya kike hata yakiishia na -us. Aliyesoma nahau chuoni hatashangaa, kwani khalifa lina ta marbuta na bado ni mudhakkar. Wala msemaji wa Kiswahili hatashangaa, kwani husema kifaru mkubwa, si kifaru kikubwa. Maana hushinda umbo.

Miisho hiyo imeingia hata katika Kiingereza cha shuleni. Fungus ikizidi moja huwa fungi, larva huwa larvae, na bacterium huwa bacteria. Mwanafunzi anayedhani ni ukorofi wa Waingereza na ajue kwamba ni sarufi ya Warumi.

Linnaeus aliwatuma wanafunzi wake pande nyingi za dunia, na baadhi yao hawakurudi. Mmoja wao, Peter Forsskål, aliondoka mwaka wa 1761 na msafara wa mfalme wa Denmark kwenda Uarabuni. Alijifunza Kiarabu, na mchu akauandika kwa jina la Sceura marina, akilitoa neno la kwanza katika shura, jina la mti huo kwa Waarabu. Malaria ilimuua huko Yarim, Yemen, mwaka wa 1763. Kazi yake ilichapishwa mwaka wa 1775 na mwenzake Niebuhr, aliyekuwa peke yake aliyebaki hai. Baadaye ilionekana kwamba mti ule ni wa ukoo wa Avicennia, lakini marina ya Forsskål, yenye maana ya bahari, ikabakia.

Haifai kumsifu Linnaeus bila kusema kosa lake. Katika kitabu cha 1758 aliwagawa wanadamu kwa mabara na rangi, akawasifu Wazungu na kuwatia Waafrika tabia za kuwadhalilisha, naye hajapata kuikanyaga Afrika. Maneno hayo yalitumiwa na waliokuja baadaye kutetea dhuluma. Aliyepima maua kwa uangalifu mkubwa aliwapima watu kwa uvumi.

Alifariki Uppsala tarehe 10 Januari 1778, akazikwa katika kanisa kuu la mji huo. Limebaki ua dogo la kaskazini liitwalo Linnaea borealis, ambalo limegeuza hata jina lake likaishia na -a. Na huku kwetu umebaki mchu, uliobeba jina la tabibu Mwislamu, kwa mkono wa mwana wa kasisi, na sifa iliyotolewa na kijana aliyezikwa Yemen. Mwanafunzi atakayeambiwa akariri Avicennia marina, na aujue mti, aujue na mwisho wa neno, na awajue wenyewe walioyaacha majina hayo.